Shoka la Kwanza

Lusalala, Ipogolo,
Iringa.
11 Agosti 2024

Mpendwa Baba Faustina,

Salamu zangu si nyingi kama mchanga wa baharini, maana bahari yenyewe sijawahi kuiona. Ni nyingi kama vumbi la Ipogolo mwezi huu wa nane, na hilo unalijua, linaingia mpaka kwenye chumvi. Mimi mzima, mama yako mzima, Faustina naye mzima ila meno ya mbele yameng'oka na anakataa kucheka mbele za watu.

Tulikubaliana tuandikiane, basi naandika. Kwenye simu tulikuwa tunagombana mpaka bando linakata, kila mtu anabaki na hasira zake na hana wa kumpa. Dastan anasema kubeba barua kwenye basi lake mpaka Mbeya si kazi, na akifika pale anampa dereva wa Chunya aifikishe Makongolosi. Anasema Tanzania nzima tumebaki wawili tunaoandikiana kwa mkono, labda na mahakama.

Jambo lenyewe ni hili: chemchemi yetu inakufa. Zamani ulikuwa unatega ndoo, unamsengenya jirani kidogo, ndoo imejaa. Siku hizi unamsengenya jirani na ukoo wake wote, ndoo haijafika nusu. Bomba la mjini halipandi huku juu kwetu, kwa hiyo wanawake tunateremka mpaka mto Ruaha Mdogo. Mama naye anataka kuteremka na miguu yake ile. Namfichia ndoo.

Mfuko wa Wana-Lusalala umelivalia njuga jambo hili. Unakumbuka tulipouanzisha ulicheka, ukasema ni mfuko wa rambirambi uliopata katiba? Haya, katibu wake sasa ni mkeo. Mwenyekiti ni Mzee Halfani wa duka la vifaa vya ujenzi, yule ambaye babu yake alitoka pwani na mpaka leo chai isiyo na iliki kwake ni maji ya kuoshea vyombo. Watu walitaka Mfuko uchimbe kisima kirefu kingine. Mzee Halfani akawauliza, "Vile viwili vya wafadhili viko wapi?" Vyote vilishakauka. Akasema, "Diwani ana amri. Serikali ina amri na askari. Sisi Mfuko tuna mkeka tu. Kazi yetu ni kuutandika na kuwaita watu wasiokaa pamoja, mpaka wakae." Basi tunautandika.

Ulipopanda basi, miaka minne sasa, ulisema "Nakuja", kama mtu anayetoka kununua kiberiti. Mama alikuwa amesimama nami pale stendi. Akasema, "Mwanangu, anayesema nakuja ndiye anayeondoka." Nilimkasirikia wiki nzima.

Nimekukumbuka. Nimeiandika hivyo hivyo, usiitafutie maana nyingine.

Wako,
Mama Faustina (Bertha)


Makongolosi, Chunya,
Mbeya.
25 Agosti 2024

Mama Faustina wangu,

Barua imefika ikinuka mafuta ya basi, nikaona ni manukato. Nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena.

Huku ni jua na vumbi lingine, jekundu. Kazi inaendelea. Shimo letu la dhahabu linaelekea pazuri, wenzangu wanasema jiwe limeanza kucheka. Likicheka sana utasikia mpaka huko. Jirani yangu ni Mnyakyusa, kila asubuhi ananiuliza "Ugonile?", yaani nimelalaje. Najibu nimelala vizuri. Mtu utamwambia nini mwingine? Hapa joto halikuachi hata alfajiri, na mimi nalilia ile baridi yetu ya Juni, blanketi moja, wewe unalivuta lote halafu asubuhi unakana.

Kuhusu chemchemi, poleni sana. Chimbeni kisima tu, huyo mzee asiwazungushe na mkeka wake.

Milingoti yangu inaendeleaje? Imenenepa? Usiruhusu mtu akate hata fito. Ile ndiyo nyumba yetu ya bati, ndiyo shule ya Faustina, ndiyo mimi kuacha kazi za watu. Milingoti ikikomaa narudi, na sirudi tena huku.

Mwambie binti yangu acheke tu. Baba yake alikuwa na pengo mpaka darasa la nne na bado alipata mke.

Wako daima,
Crispin


MFUKO WA WANA-LUSALALA
Ipogolo, Iringa
8 Septemba 2024

Ndugu Crispin Kikoti,
Makongolosi.

YAH: OMBI LA KUONDOA MITI KANDOKANDO YA CHEMCHEMI YA LUSALALA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mfuko umekutana na wamiliki wa viwanja vinavyoizunguka chemchemi, viongozi wa mtaa, kanisa na msikiti, pamoja na afisa misitu. Imebainika kuwa milingoti (mikaratusi) iliyopandwa kuzunguka chanzo inanyonya maji kwa wingi. Mkutano umeazimia kwa kauli moja kwamba iondolewe kabla ya mvua, na mahali pake ipandwe mivengi na mikuyu, miti ambayo wazee wetu walikuwa wakiiacha kwenye maji.

Kiwanja chako ndicho kilicho karibu zaidi na jicho la chemchemi. Wamiliki wengine wote wamekubali kukata endapo wewe utakubali. Miti itakayokatwa itabaki mali yako, na Mfuko utakupatia miche ya parachichi kwa sehemu ya juu ya kiwanja.

Unaombwa kujibu mapema iwezekanavyo.

Wako katika kuijenga jamii,
Bertha Kikoti
KATIBU


Makongolosi,
17 Septemba 2024

Ndugu Katibu,

YAH: MKE WANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Yuko wapi?

Dereva aliniletea bahasha ina muhuri mkubwa wa bluu. Nikajua ama naitwa mahakamani ama nimepewa talaka. Niliposoma nikaona heri talaka. Miaka yote hii hujawahi kuniita Ndugu. Uliniita mvivu, uliniita kichwa ngumu, siku moja uliniita jina la mbuzi wa Mzee Anania. Yote nilipokea. Lakini Ndugu, Bertha? Na Yah?

Halafu barua ya kwanza unanieleza habari za ndoo na meno ya mtoto, kumbe ulikuwa unanipaka mafuta kabla ya kunichinja. Chemchemi inakufa, ulisema. Hukusema inauawa na mimi.

Unakumbuka tulivyoipanda? Wiki ile ile baada ya ndoa. Wewe unashika mche, mimi nashindilia udongo kwa kisigino. Ulikuwa umevaa kile kitenge cha njano cha harusi, nikakwambia kitachafuka, ukasema kichafuke. Serikali iligawa miche bure na wote tukapiga makofi. Hakuna aliyesema habari za maji.

Nataka kujua jambo moja. Nani aliyetaja miti yangu pale mkekani? Kama ni Mzee Halfani mwambie mimi na duka lake basi, hata msumari sinunui.

Crispin


Lusalala,
29 Septemba 2024

Baba Faustina,

Ni mimi niliyeitaja.

Nilikuandikia kwa muhuri kwa sababu niliogopa kukuandikia bila muhuri. Kama katibu naweza kusema "iondolewe". Kama Mama Faustina, nikishika kalamu naanza kulia. Nisamehe ile Ndugu. Mzee Halfani naye alinigombeza alipoiona nakala. Alisema, "Binti, mtu wa nyumbani hapelekewi Yah. Hupelekewa mtu." Lakini Makongolosi nimtume nani?

Sikiliza ilivyokuwa. Mkeka ulitandikwa pale uwanja wa shule, kiti hakuna hata cha afisa misitu. Akaja amevaa suruali nyeupe, ikabidi akae chini kama sisi. Akasema sheria ya mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji ipo, tukitaka anakuja na msumeno kesho yake. Watu wakaanza kunguruma. Mzee Anania akasimama na kusema atakayegusa mti wake amchimbie kaburi kwanza. Mzee Halfani akamshukuru afisa kwa sheria yake, akamwomba ainywee chai. Kisha akauliza kila mwenye kiwanja aseme tu maji yake ya kunywa asubuhi ile yalitoka wapi na nani aliyeyabeba. Kila mmoja akamtaja mkewe, au binti yake, au mama yake. Ilipofika zamu ya kiwanja chako watu wakaangalia chini. Nikasema mimi ndiye niliyeyabeba, na miti iliyoyanywa mengine ni ya mume wangu, niliipanda naye. Mzee Anania alikaa. Alisema, "Crispin akikata, mimi nani?" Na wengine wote wakaishika hiyo hiyo.

Sasa nikwambie lingine, maana nimeshaanza. Nilipokuwa nasema pale, sikusema kwa ajili ya maji peke yake. Kila mwaka unaniambia milingoti ikikomaa. Nyembamba, ikinenepa. Imenenepa, irefuke kidogo. Crispin, ile miti imekuwa mke mwenza. Unaiulizia hali yake kabla ya mimi, na mimi ndiye ninayeipalilia. Nilitaka nione utasema nini isipokuwepo.

Mengine ni salamu tu. Dastan alikwenda mwenyewe mpaka Makongolosi mwezi uliopita, alimsindikiza shangazi yake. Amerudi anasifia chipsi za kibanda kimoja karibu na stendi. Anasema mpishi wake ana mkono wa kwetu kabisa. Sikumwuliza zaidi. Mama anauliza tu kama mafuta ya kupikia huko yanapatikana.

Wako,
Bertha


Makongolosi,
13 Oktoba 2024

Mama Faustina,

Mwambie Dastan ale kwa mama yake.

Mafuta yanapatikana.

Shimo lilijaa maji ule mwaka wa kwanza. Tulileta pampu, ikashindwa, wenzangu wakatawanyika. Nikasema nitafute kitu kidogo cha kunisogeza. Nilinunua karai, nikasema ni la mwezi mmoja. Niliyokuwa nakuandikia kuhusu jiwe kucheka nilikuwa nayasikia kwa wateja wakisubiri viazi viive. Huku maji yamenifukuza, huko maji yananitafuta. Mtu acheke au alie?

Umesema kweli kuhusu mke mwenza. Nikilala naihesabia milingoti urefu, nasema Crispin, wewe si mkaanga chipsi, wewe ni mtu mwenye shamba la miti Iringa. Jirani yangu akiniuliza nimelalaje, najibu vizuri kwa sababu ya ile miti. Ikikatwa mimi ni nani?

Lakini siwezi kumnywesha mama yangu maji ya mtoni ili mimi nijione mtu.

Kateni. Karatasi ya pili humu ndani ni ridhaa yangu, nimetia sahihi na dole gumba juu yake, Mzee Anania asipate neno. Mbao msitegemee, bado ni changa. Uzeni za kujengea, matawi mama apikie.

Mimi sitakuja. Nije na nini? Walioondoka nami wengine wamerudi na pikipiki. Nitajipanga tena, nitakuwa nakuandikia. Usiache kuniandikia hata kama ni kwa muhuri.

Baridi ya huko imeshaisha, najua. Hata hivyo ninaiota.

Crispin wako


Lusalala,
27 Oktoba 2024

Baba Faustina,

Ridhaa yako ilisomwa mkekani. Watu walipiga makofi, wengine walifuta macho, na Mzee Anania aliomba alione dole gumba kwa macho yake. Akalitazama, akasema, "Hili dole ni la Crispin, lakini dole halishiki shoka."

Umesahau mambo ya kwetu. Wameamua kazi ifanyike kwa mgowe, watu wote kwa pamoja, pombe ya komoni na chai ya Mzee Halfani, mtaa mzima kiwanja hadi kiwanja. Na kwenye mgowe shoka la kwanza ni la mwenye shamba. Hakuna anayeanza kabla yake. Si kwa barua, si kwa simu, si kwa mjumbe. Nikasema mimi ni mkewe, nilishika miche kwa mikono yangu, naweza kuanza. Wazee wakatikisa vichwa. Mama ndiye aliyeninong'oneza. Mke hushika shoka la kwanza akiwa mjane tu.

Mzee Halfani alijaribu kuwashawishi. Alisema hii ni karne nyingine. Wakamjibu kwa heshima kwamba Mfuko umewaita wakae kama watu wa Lusalala, na watu wa Lusalala ndivyo wanavyokata. Akacheka, akasema amenaswa kwenye mkeka wake mwenyewe. Kisha akaniita pembeni. Alisema, "Binti, mvua haimsubiri mtu. Ikianza kabla hatujakata, miche haitashika, na watu waliokubali leo mwakani watakuwa wamebadilika. Nimeshaona mikutano mizuri ikifa kwa wiki moja. Siwezi kukulazimisha. Ila uamuzi uko kwenu wawili."

Siku ni Jumamosi tarehe tisa Novemba, asubuhi.

Ningeweza kukupigia simu. Sitaki. Kwenye simu utasema "Nakuja."

Unauliza uje na nini. Hakuna mtu hapa anayesubiri pikipiki. Tunasubiri mkono mmoja wa kuinua shoka, na mimi nasubiri mwenye mkono. Usipofika Jumamosi nitalishika mimi, kwa sababu wanawake wa Lusalala wamechoka kuteremka mtoni na siwezi kuwazuilia maji kwa ajili ya ndoa yangu. Nikilishika, watu watanipa pole, na mimi nitazipokea. Nitavaa nguo nyeusi, Crispin. Sitaivaa kwa mzaha.

Nakupenda. Ndiyo maana nimeandika yote.

Bertha


Makongolosi,
3 Novemba 2024

Mama Faustina,

Usilishike hilo shoka.

Crispin


Lusalala,
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mpendwa Baba Faustina,

Naandika kwa mazoea. Nimeamka nikatafuta karatasi kabla sijakumbuka kwamba barua hii haina safari. Kuna mambo siyawezi kwa mdomo, nitayaweka hapa, nawe utayasoma ukirudi.

Jana hukujua ulitukuta saa gani ya mioyo yetu. Basi la Dastan la asubuhi lilipita bila kusimama. Komoni ilikuwa imeshaonjwa, chai ya iliki imepoa, watu wamekalia mashoka yao wanazungumza habari za mpira kwa sauti ndogo, kama watu wa msibani. Kile kibarua chako cha mstari mmoja kilikuwa kwenye khanga yangu. Usilishike. Hukusema unakuja, hukusema huji. Mzee Anania alinijia na shoka la marehemu baba yako, akaniinamishia mpini. Mama aligeuka akatazama kule chini barabarani.

Niliushika mpini. Uujue ukweli huo. Nilishausogelea mlingoti ule wa pembeni, ule tulioanza nao, nikaona pale chini bado kuna kisigino chako, au niliona ninachotaka kuona. Ndipo Faustina akacheka. Kicheko kikubwa, pengo lote nje, mbele za watu wote, akionyesha kidole njiani.

Ulikuwa unapanda mlima umebeba karai la chipsi kichwani. Jasho, vumbi, na lile karai limeungua mpaka linang'aa. Hata kulificha kwenye gunia hukulificha. Mtaa mzima ulicheka, nami nikacheka huku nalia, na mama akakusalimu kwa Kihehe, "Kamwene, mwanangu. Kumbe huko kwa wenzetu kofia ni za chuma?" Ulilitua chini, ukasema kwa sauti ili wote wasikie, "Hiki ndicho nilichochuma." Mzee Halfani aliliangalia, akaligonga kwa kidole, akasema ni chuma kizuri, na watu mia wamekuja kazini hawajala. Ukanipokonya shoka. Hukunisalimia hata. Uliinua, ukapiga, na mashoka mengine yote yakaitikia.

Nilitazama uso wako miti ilipoanguka. Nilidhani nitafurahi, mke mwenza ameondoka. Sikufurahi. Niliona mwanamume anazika kitu, nikatamani kuja kukushika mkono mbele ya watu, nikaona haya. Nakushika hapa.

Chemchemi haijarudi. Leo asubuhi imetoa maji yale yale kidogo, na afisa misitu anasema ni misimu kadhaa, tena kama mivengi itashika. Katika kikao kijacho tunatandika mkeka kuzungumzia zamu za kuilinda miche na mbuzi, na umeshapangiwa kukaa karibu na Mzee Anania. Umaskini wetu ni ule ule, Crispin. Ila nimevuta blanketi usiku na kulikuwa na mtu wa kulalamika.

Ulipoamka umechukua ndoo, ukasema unakwenda kuona maji. Pale mlangoni ukageuka, ukasema, "Nakuja."

Umesema kama kila mtu asemavyo, najua. Uji ulikuwa jikoni, nikauacha. Nilisimama nje, nikarudi ndani, nikasimama tena nje. Mama aliniona, akaja kusimama nami, kama siku ile ya stendi. Mwisho nimekaa hapa mezani niandike, mikono ipate kazi.

Uji umeungua, naisikia harufu. Kengele ya misa imelia mara ya kwanza. Faustina anaimba nje, anaimba "baba ana karai", sijui nani kamfundisha.

Sasa ameacha kuimba. Nasikia ndoo inatuliwa kizingitini.

Wako,
Bertha